Sare ya Chiriku

Karani alilamba kidole, akafunua faili, akalamba tena. Kipaja cha kuku kilikuwa pale pale mezani, juu ya karatasi za watoto wa watu. Fundi alikiona kidole hicho, kinang'aa mafuta, kikitua juu ya cheti cha kuzaliwa cha bintiye.

"Kazi yako?"

"Nashona, bosi. Nyumbani."

"Kwa cherehani ya nani?"

"Yangu."

"Basi una mali." Karani aligonga mhuri bila kuinua macho. "Chekechea ya serikali ni ya wasio na kitu. Mwingine!"

"Bosi, ni cherehani ya kukanyaga, kuukuu kuliko mimi. Na mtoto ana miaka mitano, mwakani umri utakuwa umempita."

"Mama, huelewi? Mwingine!"

Fundi alitoka na cheti chenye doa. Hao wasio na kitu aliwajua vizuri, maana sare za chekechea hiyo alizishona yeye, na kila mzazi aliyepata nafasi alielekezwa kwake. Wiki mbili nzima alikuwa akiwapima watoto walioshushwa kwenye magari ya vioo vyeusi, akijitia haoni. Kazi ni kazi, na yeye mwenyewe alikuwa na ombi lake mezani. Kwa mabaki ya kitambaa alikuwa ameshaunga sare moja, ya bintiye, aliyebandikwa jina la Chiriku na bibi yake kwa sababu domo lake halikuwa na breki.

Nyumbani alimkuta ameivaa.

"Mama, nimepata? Nitakaa mbele? Kuna bembea?"

"Shule ile ni ya wasio na kitu, mwanangu. Wamesema sisi tunacho." Alinyoosha mkono. "Ivue, niitundike."

Saa kumi hivi gari dogo jeupe lilisimama mlangoni. Akashuka karani, amemshika binti yake mkono.

"Fundi, nataka sare ya haraka. Huyu anaanza Jumatatu."

Hakumtambua. Angemtambuaje, na asubuhi hakumtazama usoni? Alilamba kidole, akaanza kufunua daftari la vipimo kama vile ni lake, kisha akaiona sare ukutani.

"Kumbe ipo tayari!" Akaitungua, akamvisha mtoto. Ilimkaa barabara. "Naichukua hii hii."

Chiriku alikuwa amesimama kwenye pazia. Fundi alimngoja aseme kitu, alie, adai chake. Mtoto akanyamaza kimya, na kimya kile kilimuuma fundi kuliko mhuri wa asubuhi.

Alipiga magoti, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja, taratibu, kwa kuwa mtoto wa karani hakuwa na kosa.

"We fundi, vipi tena?"

"Hii ina mwenyewe."

"Huyo mshonee nyingine!"

"Kwa cherehani ipi? Hii iliyomkosesha nafasi asubuhi?"

Hapo ndipo karani alipoinua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Unajua nikisema neno moja tu shuleni, kazi ya sare huna?"

"Kaseme. Ila nawa mikono kwanza, bosi. Umelichafua daftari langu, na cheti cha mwanangu umeshakichafua."

Karani alimvuta binti yake, akabamiza mlango wa gari. Na neno alilisema kweli. Ijumaa shule ilituma mtu kuchukua kitambaa chote kilichobaki.

Jumatatu Chiriku aliamka akavaa sare yake, akaketi kizingitini, mgongo umenyooka. Fundi hakuwa na moyo wa kumvua. Watoto walipita, pindo zote ni za mkono wake. Gari dogo jeupe nalo likapita, na dirishani kulikuwa na uso mdogo juu ya kola mpya ya fundi mwingine.

"Mama," Chiriku aliuliza, "yule naye hana kitu?"

Fundi alitema mate barabarani, akarudi ndani kuketi mbele ya cherehani isiyo na kazi.