Ushuhuda Usio Wake

Mtaani walimwita Fundi, na hata mumewe alimwita hivyo hivyo. Alishona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukiwa wazi barabarani tangu asubuhi, na wateja wakijua kwamba akiwa na pini mdomoni hajibu salamu. Mumewe alikuwa Mwalimu. Alifundisha jiografia, na alikuwa na sauti ambayo ungeisikia umesimama nje ya ukuta wa shule. Kanisani walimpenda kwa sauti hiyo. Akisoma Neno, hata watoto waliacha kuchezea viatu vyao.

Walikuwa na binti mmoja mkubwa wa kutosha kujisukia nywele. Baada yake wakakaa muda mrefu bila mtoto, kisha Fundi akapata mimba ambayo watu wazima kanisani waliiombea kwa zamu. Mtoto alizaliwa kimya. Alikuwa wa kiume, na nguo pekee ambayo mama yake alimshonea ni ile aliyozikwa nayo.

Watu walikuja, wakaimba, wakaosha vyombo, wakaondoka. Mama mkwe alihamia kwao kwa miezi kadhaa kusaidia kazi za nyumbani, na kwa kweli alisaidia. Fundi akajikaza kisabuni. Alirudi kwenye cherehani, akarudi kwenye kikundi cha akina mama, akaimba nyimbo zote na beti zake zote. Hakuna aliyeona kitu.

Jumamosi moja mchana mvua ilinyesha kubwa, wateja hawakuja. Binti na bibi yake walikuwa jikoni. Fundi na Mwalimu walikaa chumbani wakikunja nguo zilizokauka nusu, na pengine ni kwa sababu mikono yao ilikuwa na kazi ndiyo maana maneno yalimtoka.

"Siombi tena," alisema.

Mwalimu aliweka shati chini. "Huombi vipi?"

"Nafumba macho tu. Nikianza kusema, naona naongea na ukuta. Na ile Meza ya Bwana..." Alichukua nguo nyingine. "Ule mkate siuli. Naufunga kwenye leso, nikifika nyumbani naufukia pale nyuma kwenye maua. Naona nikiula nitakuwa nadanganya mbele ya Mungu mwenyewe."

Mwalimu hakumkemea. Alimshika mkono, akaushika muda mrefu, akamwambia, "Asante kwa kuniambia. Tutaenda nalo taratibu." Fundi alilia siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu maziko, na alipomaliza kulia alihisi njaa, akaenda jikoni akala. Kwa wiki kadhaa aliishi kama mtu aliyeshushiwa mzigo katikati ya safari. Hakuwa amefika popote, lakini walau mgongo ulipumua.

Kisha kanisa likamchagua Mwalimu kuwa kiongozi wa idara ya familia. Jumapili ya kumsimika alipewa mahubiri. Fundi alimshonea shati jipya, kola akaifumua na kuishona upya hadi ikalala vizuri. Alikaa safu ya pili, binti upande mmoja, mama mkwe upande wa pili.

Mwalimu alihubiri juu ya nyumba kama madhabahu. Alianza vizuri, akawachekesha watu kuhusu wanaume wanaojua majina ya wachezaji wote wa mpira lakini hawajui siku ya kuzaliwa ya mtoto wao. Kisha akashusha sauti.

"Ndugu zangu, siwahubirii habari za nyumba za wengine," alisema. "Nyumbani kwangu mimi, baada ya msiba wetu, mke wangu aliacha kuomba."

Fundi alidhani amesikia vibaya.

"Alikuwa anakuja hapa, anaimba nanyi. Mkate wa Meza ya Bwana alikuwa anaufunga kwenye leso, anaenda kuufukia kwenye maua."

Kanisa likaguna. Msichana wa kwaya aliweka mkono mdomoni. Binti alimgeukia mama yake, kisha haraka akaangalia mbele, na kule kuangalia mbele kulimuuma Fundi kuliko mguno wa kanisa zima.

"Kama kichwa cha nyumba ningefanya nini? Nikafunga siku tatu, bila kula wala kunywa. Nikamshika mkono, nikasimama naye mbele za Bwana. Na leo amerudi. Mama, hebu simama, watu wamwone Mungu alivyo mwema."

Miguu ya Fundi ilisimama. Baadaye alijiuliza sana ilisimama kwa amri ya nani. Watu walipiga makofi, wengine walifuta machozi, na yeye alisimama pale kama nguo iliyotundikwa dirishani ili wapita njia waitazame.

Ibada ilipokwisha, akina mama walimkumbatia mmoja mmoja. Mmoja, katikati ya kumkumbatia, aliutupia jicho mkoba wake kana kwamba leso ingejitokeza yenyewe.

Nyumbani alingoja binti aende kubadilisha nguo.

"Umewaambia," alisema.

"Nimemtukuza Mungu, Fundi."

"Umewaambia habari za mkate."

Mwalimu alivua saa yake, akaiweka mezani. Hakuonekana mwenye hatia. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri na anangoja chai. "Ushuhuda bila undani hauna nguvu. Mchungaji mwenyewe aliniambia sehemu ile ndiyo itakayowagusa watu."

"Mchungaji alijua?"

"Nilimwonyesha mahubiri. Ni kawaida."

"Na kwamba nimerudi, nimerudi lini?"

"Hilo nililisema kwa imani," alisema Mwalimu.

Fundi alimtazama. Miaka yote aliyoishi na mtu huyu alijua anakoroma vipi, anapenda chai ya moto kiasi gani, anadanganya vipi wakaguzi wa shule. Hakuwahi kujua kwamba wakati anamshika mkono siku ile ya mvua, alikuwa tayari anatafuta mahali pa kuyaweka yale maneno. Labda hakuwa bado. Labda wazo hilo lilimjia baadaye. Lakini Fundi hakuweza tena kuikumbuka ile siku bila kulishuku hilo, na hapo ndipo alipoona hasa ameibiwa nini.

Katikati ya wiki alikwenda kwa Mchungaji. Ofisi yake ilikuwa na viti vya plastiki na feni iliyogeuza kichwa upande mmoja tu. Mchungaji alimkaribisha kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, jambo lililofanya mazungumzo yawe magumu zaidi.

"Nilidhani umekubali," alisema. "Ni mume wako. Nilijua mmezungumza."

"Hukuniuliza, Baba Mchungaji."

"Kweli, sikukuuliza." Alisugua paji la uso. "Lakini nikwambie, dada, ushuhuda ule umejenga wengi. Wapo waliokuja kwangu wanalia. Wakati mwingine Mungu hutumia hata maumivu yetu."

"Angekuwa Mungu ndiye aliyeyatumia nisingekuja hapa," alisema Fundi, akaaga.

Alidhani ameshaumia kiasi cha kutosha. Kisha siku mbili tatu baadaye akaingia dukani kwake mke wa kijana fulani wa kwaya, eti analeta sketi ipunguzwe kiuno. Sketi haikuwa na shida yoyote. Alisimama akaizungushazungusha mikononi hadi msusi wa jirani, aliyekuja kuazima mkasi, akaondoka.

"Dada, na mimi siombi," alisema yule mwanamke. "Tangu mama yangu afariki. Sijamwambia mtu. Jumapili nikasema, kama wewe ulifika hadi kufukia mkate na ukapona, basi na mimi nitapona. Nimekuja uniambie ulifanyaje."

Fundi alitoa pini mdomoni. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema funga siku tatu, shika mkono wa mumeo, simama mbele za Bwana, na mwanamke huyu angekwenda kufanya yote hayo, na yasipofanya kazi angejiona ndiye mbovu.

"Sijapona," alisema.

Uso wa yule mwanamke ulishuka. "Lakini Mwalimu alisema..."

"Najua alivyosema. Mimi bado niko pale pale ulipo wewe. Kaa, nikupunguzie hiyo sketi."

Mwanamke akakaa. Alibaki hadi jioni.

Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa anapaa. Kanisa kubwa la upande wa pili wa mji lilimwalika kwenye semina ya wanandoa. Walitaka ushuhuda ule ule, na walitaka mke awepo.

"Siendi," alisema Fundi.

"Nitaonekanaje nikienda peke yangu kufundisha ndoa?"

"Utaonekana ulivyo."

Akanuna. Usiku na mchana alitembea ndani ya nyumba akifunga milango kwa adabu kubwa mno. Mwishowe mama mkwe alimfuata Fundi kwenye cherehani, akavuta kigoda.

"Mwanangu, nenda naye. Msitiri mumeo."

"Na mimi nani alinisitiri, mama?"

Mama mkwe aliinama. Aliokota vipande vya uzi sakafuni kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo, akaondoka.

Fundi alikwenda. Aliamua asubuhi ya semina yenyewe, akiwa anapiga mswaki, na Mwalimu alifurahi hadi akamfungulia mlango wa gari la kukodi. Ukumbi ulikuwa na zulia na meza za duara, wanandoa wawili wawili kila upande, na beji za karatasi kifuani. Mwalimu alizungumza vizuri kuliko hata mara ya kwanza. Zile siku tatu za kufunga sasa zilikuwa saba.

"Mama, hebu simama," alisema.

Fundi hakusimama. Mwalimu alicheka kidogo. "Ana aibu mke wangu. Simama, Fundi."

"Nikikaa watanisikia pia," alisema Fundi. Sauti yake haikuwa kubwa lakini ukumbi ulikuwa mtulivu. "Aliyoyasema ya mkate ni kweli. Nilimwambia yeye peke yake. Kwamba nimerudi si kweli, bado sijarudi. Kama humu ndani kuna mtu wa namna yangu, asije akadhani amebaki peke yake."

Mwendesha semina, mtu mwenye akili ya haraka, alitangaza kwamba chai iko tayari.

Gari la kukodi liliwarudisha nyumbani. Walipoingia ndani, Mwalimu hakungoja hata mlango ufungwe.

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Sasa wote wawili tunajua inakuwaje."

"Mimi nilikuwa najenga kanisa. Wewe umebomoa."

Mama mkwe alikuwa mezani akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Baba," alimwambia mwanawe, "zile siku ulizofunga ni zipi?"

"Mama, hayo hayakuhusu."

"Nauliza tu. Maana siku zote hizo nilikuwa hapa. Nilipika mimi. Ulikuwa unaniomba nikuongeze mchuzi." Alitoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Ya mkate ni ya mke wako na Mungu wake, mimi sitaki kuyajua. Hayo ya kufunga ndiyo nataka kuyajua, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kusema kweli."

Mwalimu alisimama pale na beji bado kifuani. Yule mtu wa sauti, aliyeweza kulinyamazisha darasa kwa kukohoa, alipata kigugumizi mbele ya sinia la mchele. Hatimaye alisema, kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, "Sikufunga."

Hakuomba msamaha siku hiyo. Aliuomba baadaye, vipande vipande, mara nyingi akianza na neno "lakini" na kulirudisha mdomoni. Alitaka kujiuzulu uongozi kimyakimya. Fundi akamwambia kimya hakitoshi, kwa kuwa hakunyamaza alipomtangaza. Mchungaji alishauri wasubiri mambo yapoe. Mwalimu, na hili Fundi alimhesabia, hakusubiri. Jumapili iliyofuata alisimama mbele na kusema kwamba aliyoyasema juu ya mke wake hayakuwa yake kuyasema, na kwamba ya kufunga na ya kurudi yalikuwa uongo. Kisha akashuka. Ndiyo yalikuwa mahubiri yake mafupi kuliko yote, na hakuna aliyepiga makofi. Wapo waliohama kanisa. Wapo waliosema Fundi amemkalia mumewe. Yule mwanamke wa sketi alihamia safu yao, akakaa karibu na binti.

Fundi alimsamehe Mwalimu. Alimwambia hivyo waziwazi, na alimaanisha. Aliendelea kumshonea mashati, walicheka pamoja msusi alipompaka mteja nywele rangi ya machungwa kwa bahati mbaya, walilala kitanda kimoja. Lakini alijikuta, kila jambo la ndani lilipomjia, analishika na kulirudisha lilikotoka, kabla hata hajaamua kufanya hivyo.

Mchana mmoja, alipokuwa anatia zipu kwenye sare, uzi ulikatika, akasema kwa sauti, "Bwana, nimechoka." Ilikuwa ni kusema tu. Lakini alipolisema hakuona ukuta. Alikaa na mkono juu ya gurudumu la cherehani, akaogopa kusogea. Kisha akaongeza maneno mengine machache, juu ya mtoto wake, na hayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

Mwalimu alirudi kutoka shuleni akamkuta hivyo.

"Una nini?" aliuliza. "Unawaza nini?"

Fundi alimtazama. Alikuwa na chaki kwenye mkono wa shati, na macho yake yalikuwa yanauliza kweli.

"Zipu hii," alisema. "Inasumbua."

Mwalimu alijua si zipu. Zamani angesisitiza. Sasa alitikisa kichwa kukubali, akavua viatu, akawasha pasi, akaanza kunyoosha sare zilizokwisha kushonwa, moja baada ya nyingine, bila kuuliza tena.