Usizichome

Tangu alfajiri Caren alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira tangu alfajiri hakosi wa kumkasirikia. Kwanza alimkasirikia Shem, mumewe, kwa kulala usingizi wa pono siku kama ile. Kisha akalikasirikia jiko, kwa sababu lilikuwa la vyumba vitatu na kila aliyepika humo jana yake alikuwa ameacha ushahidi. Mwisho akazikasirikia soseji zenyewe. Zilikuwa sita, nene na mbichi, zimejilaza kwenye sahani kama vidole vya tajiri.

Soseji za Kitaliano! Lini mtu wa Homa Bay alipata kupimiwa maisha yake kwa soseji za Kitaliano?

Lakini ndivyo Gervas alivyotaka. Gervas alikuwa Mhaya wa Bukoba, mkuu wa jiko la asubuhi katika hoteli moja ya Al Barsha, Dubai, na Shem alikuwa mlinzi katika hoteli hiyohiyo. Jikoni kwake palikuwa na nafasi moja ya mpishi. Caren aliingia Dubai kwa viza ya matembezi, na viza hiyo ilikuwa inakwisha Jumatatu. Akiipata kazi, hoteli ingemtengenezea viza nyingine, abaki na mumewe pale mtaani Muraqqabat. Akiikosa, Jumatatu angepanda ndege, nao wangerudi kuwa mume na mke wa simu, wa kuulizana umekula nini na kukatikiwa mtandao kabla ya jibu. Maisha hayo walikwisha kuyaishi. Caren alikuwa ameapa hayarudii.

"Usinipikie samaki," Gervas alikuwa amemwambia. "Wewe ni mtu wa ziwa kama mimi, samaki unamjua. Nenda supamaketi uchukue soseji za Kitaliano, unipikie Ijumaa mchana. Mkono wa mpishi mimi nauonea kwenye kitu asichokizoea."

Basi Caren akaenda. Alikipita kile chumba cha nyuma cha nyama ya nguruwe, chenye kibao cha wasio Waislamu, akachukua za nyama ya ng'ombe kwenye friji la watu wote, kwa sababu jiko walilichangia na Bi Mwanamkasi, na sufuria ya mtu huheshimiwa. Soseji alizozijua yeye ni zile nyembamba nyekundu za kando ya barabara, zinazotumbukizwa kwenye mafuta, zikapasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Hizi zilikuwa kitu kingine. Zilinukia shamari na kitunguu saumu hata kabla hazijaonja moto.

"We choma tu," Shem alisema alipoamka, akijikuna tumbo. "Si kuna ile mashine ya umeme ya kuchomea, ile Mfilipino aliyehama alituachia? Mkenya akishindwa kuchoma, arudishe kitambulisho."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mumewe alikuwa amesema neno la maana. Caren aliitoa mashine chini ya meza, akaifuta, akaichomeka kwenye umeme. Alikuwa amesimama mbele ya sahani na uma mkononi, akiwaza aanzie wapi, Bi Mwanamkasi alipoingia.

Bi Mwanamkasi alikuwa mtu mzima wa Makunduchi, Unguja, mpangaji wa chumba cha pili, na alikuwa amepika Dubai tangu Caren akiwa shule ya msingi. Siku hizi alipika katika kafteria moja ya mtaani. Aliitazama sahani, akautazama uma, akatikisa kichwa.

"Hizo ndizo za mgeni? Mwanangu, usizichome hizo. Ukizichoma maji yake yote yatatoka, utabaki na makapi. Tia maji kidogo, funika, moto mdogo. Halafu..."

Simu yake ikalia. Alikuwa arbab, tajiri mwenye kafteria, na sauti yake ilisikika hadi kwenye sinki. "Naam, naja, naja! Yalla!" Bi Mwanamkasi akalivuta buibui lake begani na kutoka mbiombio. Mlangoni akageuka. "Usizichome, Caren!"

Caren akaichomoa mashine.

"Unafanya nini?" Shem akauliza.

"Nimeambiwa nisizichome."

"Na nani? Yule mama? Caren, nyama ni nyama!"

"Nani amepika Uarabuni miaka yote hiyo, wewe au yeye? Wewe unachojua hapa Dubai ni kufungulia watu mlango. Nenda kafungue mlango!"

Shem akaenda kuoga. Caren akatia maji kidogo, ingawa mkono wa mtu wa ziwa haujui maji kidogo, akaweka soseji nne, mbili akazirudisha kwenye friji, akafunika. Moyo haukutulia. Kila mara alifunua, akazidunga kwa uma kuona kama zimeiva, na kila alipodunga, mafuta yalichuruzika yakaelea juu ya maji. Akaona vizuri, zinaiva. Akafunika, akafunua, akadunga tena. Alipozipakua zilikuwa na rangi ya saruji.

"Angalau zipitishe kwenye moto zipate rangi," Shem alisema kwa upole, kwa sababu sasa na yeye alikuwa ameanza kuogopa.

"Nimeambiwa nisizichome! Hukusikia?"

Gervas alifika mchana, amevaa shati la kanisani. Alinawa, akaketi, akasali, akakata kipande, akatafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko soseji inavyostahili kutafunwa. Kisha akaweka uma chini.

"Caren, umezichemsha kama viazi."

Akaisukuma sahani kando.

"Soseji hii unaweza kuikaanga polepole kwa mafuta yake yenyewe. Unaweza kuivua ngozi, ukaivunjavunja kwenye mchuzi wa nyanya. Unaweza kuitia kwenye oveni na vitunguu na pilipili hoho. Hata juu ya mkaa inakubali. Njia ni nyingi, na wewe umepata ile ambayo si njia."

Caren alihisi uso unawaka. Hasira ikamkamata, na hasira ina ujanja wake: ikampangia mambo yote mstari mmoja yakaonekana kweli tupu. Kafteria alikopika Bi Mwanamkasi ilikuwa imeuzwa. Juzi tu Bi Mwanamkasi alikuwa akimuuliza Shem kama hoteli inachukua watu wazima. Na asubuhi ya leo, bila kuitwa na mtu, akaja jikoni na mashauri.

"Si mimi, shefu," akasema. "Mimi nilitaka kuzichoma. Huyu mama wa chumba cha pili ndiye aliniambia nisizichome, nitie maji, nifunike. Huyu Mwanamkasi."

Gervas akainua kichwa. "Mwanamkasi wa kafteria? Huyo na yeye nimemwita. Nilimwambia aje kesho nimwone, nichague kati yenu."

"Si umeona!" Caren akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Alijua! Ameniharibia makusudi! Mtu wa kuharibu chakula cha mgeni wa mwenzake, shefu, kesho jikoni kwako ataharibu cha nani?"

Shem alitazama sakafu. Caren alipofika Dubai na kuugua homa wiki ya kwanza, ni Bi Mwanamkasi aliyemkorogea uji asubuhi na jioni, na Shem alilikumbuka hilo vizuri sana. Lakini alikumbuka pia Jumatatu. Akaendelea kutazama sakafu.

Gervas alikunja uso. Katika jiko la hoteli kuna makosa ya kusamehewa, na kuna lile moja, la kuharibu chakula makusudi. "Kama ni hivyo, huyo simtaki hata wa kuosha sahani. Na wewe kosa si lako. Kesho asubuhi njoo na pasipoti yako." Akanawa, akaaga, akaacha soseji tatu na nusu mezani.

Kazi akawa ameipata. Lakini msidhani hasira ilikwisha. Ilimkalia mchana kutwa. Alasiri Bi Mwanamkasi aliporudi na kufungua mlango, alimkuta Caren amesimama palepale jikoni, mikono kiunoni.

"Haya, mgeni kasemaje?"

"Usiniulize kasemaje! Mnafiki mkubwa! Umenidanganya ndani ya nyumba yangu!"

Bi Mwanamkasi akaweka mkoba chini taratibu. "Nimekudanganya nini?"

"Si uliniambia nisizichome?"

"Nilikwambia. Ukazichoma?"

"Sikuzichoma! Nilikusikiza kama mjinga!"

Bi Mwanamkasi akaisogelea ile sahani. Akaiokota soseji moja kwa vidole viwili, akaigeuza, akaileta hadi puani pa Caren. "Na haya matundu je? Ya panya?"

"Hapo nimedunga tu, nione kama imeiva!"

"Si ndiyo kuchoma huko!"

"Huko ni kudunga! Kuchoma ni kwa moto!"

"Kwa moto ni kubanika! We ukiumwa, ukenda hospitali na sindano, wanakufanya nini?"

"Wananidunga!"

"Sisi hutuchoma!" Bi Mwanamkasi alipiga kelele, soseji ikitikisika mkononi. "Twachomwa sindano, twachomwa na mwiba! Nimekuona na uma mkononi, nikakwambia usizichome! Nimekosa nini?"

Shem, aliyekuwa mlangoni, akaguna kicheko. Wanawake wote wawili wakamgeukia, kicheko kikamfia mdomoni. Caren alizitazama soseji. Kila moja ilikuwa imejaa matundu madogo manne manne, ya meno ya uma wake, na maji yaliyokuwa yatoke yalikuwa yametoka.

"Sogea," Bi Mwanamkasi akasema. Bado alikuwa amekasirika. Aliufungua mlango wa friji kama anayeudai kitu. Akazitoa zile mbili zilizobaki, akazilaza kwenye kikaango, akatia maji kiasi cha kulowesha tu, akafunika. "Ndiyo maana nilisema halafu. Halafu unafunua. Maji yakauke, zitoe mafuta yake, zijikaange zenyewe, uzigeuze kwa kijiko. Yule arbab hakunipa nafasi ya kumaliza sentensi. Na leo ndio kaniaga. Kafteria khalas." Akafunua, mvuke ukapaa na harufu ya shamari ikajaa nyumba nzima. "Basi kesho nakwenda kwa huyo Gervas wenu. Akikuchukua wewe, riziki yako. Akinichukua mie, riziki yangu. Lakini kugombana kwa soseji, mwanangu, ni aibu."

Caren akafungua mdomo.

"Ling'," Shem akanong'ona kwa Kijaluo. Nyamaza. Macho yake yalikuwa yakimwomba.

Soseji zilianza kuchachatika. Zilibadilika rangi polepole, upande huu, upande ule, zikawa za kahawia ya kung'aa, ngozi imevutika na haina hata tundu moja. Bi Mwanamkasi alikata kipande, akampa. Maji matamu ya nyama yakamjaa Caren mdomoni, na kumeza akashindwa.

"Umeona?" Bi Mwanamkasi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Hii haikuchomwa."

"Soseji haikuchomwa," Caren akasema. "Wewe ndiye nimekuchomea."

Neno hili halikuhitaji mkalimani. Unguja mtu huchomewa utambi, Homa Bay huchomewa tu, na kote maana yake ni kusemwa vibaya kwa mtu. Bi Mwanamkasi akazima jiko.

"Kwa nani?"

"Kwa Gervas. Nimemwambia uliniharibia chakula makusudi. Amenipa kazi mimi. Wewe amesema hakutaki hata wa kuosha sahani."

Bi Mwanamkasi aliutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa bado umeshika kijiko. "Mkono huu," akasema, "umelisha watu tangu sijaolewa. Umelisha wafiwa, umelisha maharusi, umekulisha wewe na homa yako. Hajapata mtu kusema una hila. Leo umesemwa, na aliyeusema ni wewe." Akaweka kijiko chini. "Laiti ungenipiga kofi."

Caren akachukua simu mezani.

"Caren," Shem akasema. "Ukipiga hiyo simu, Jumatatu unapanda ndege. Unanisikia? Tutarudi kulekule."

"Na wewe ulikuwa umeketi pale!" Caren akamgeukia, na sasa hasira ilikuwa imempata mwenyewe. "Ulijua si mtu wa hivyo. Ulijua, ukahesabu viatu vyako. Mimi nilikuwa na hasira, Shem. Wewe ulikuwa na nini?"

Akabonyeza jina la Gervas. Simu ikaita.

"Naam, mpishi wangu," ikasema sauti ya Gervas.

"Shefu, Bi Mwanamkasi hakuniharibia kitu. Aliniambia nisizichome, mimi nikazichoma."

"Nani alizichoma? Si ulizichemsha?"

"Nilizichoma, shefu. Zote nne. Atakueleza mwenyewe, na kesho akija usimpikishe kitu kigeni, maana hakuna asichokijua."

Akamnyooshea Bi Mwanamkasi simu. Mwanamke yule aliipokea bila kumtazama, akaifunika kwa kiganja. "Sijakusamehe," akasema.

"Sijaomba bado," Caren akajibu. Machozi ya hasira yalikuwa yakimtiririka, na hakujisumbua kuyafuta.

Bi Mwanamkasi akaiweka simu sikioni, akamsalimu Gervas kwa adabu zote. Chumbani Shem alilivuta sanduku la Caren kutoka uvunguni mwa kitanda, akalibwaga sakafuni kwa kishindo, wala hakuna aliyemwambia apunguze kelele.