Somo la Glasi ya Maji

Kwa jina la Mgawaji wa riziki, ambaye ghala Yake haina kufuli wala mlinzi, tunaanza. Na rehema zimshukie Mtume aliyehimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kisha na tuwapange watu wetu kwa daraja zao, kama inavyotakiwa katika heshima.

Wa kwanza ni mjomba, mpiga pasi mkuu katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Wenzake walimwita Mzee Mvuke, kwani aliingia mle na nywele nyeusi, na kwa madai yake ni mvuke uliozifua zikawa nyeupe. Wa pili ni mkewe, mwanamke ambaye kunyamaza kwake kulikuwa na maana zaidi ya hotuba za wengine. Wa tatu ni mpwa wao, waliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mchana msimamizi wa zamu katika kiwanda kile kile, jioni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, karo ikilipwa na kiwanda. Nyumbani walimwita Meneja, utani ukiwa umekitangulia cheo. Wa nne ni mkurugenzi, naye atafika kwa wakati wake.

Shahada ile aliandikishwa mmoja, ikasomwa na nyumba nzima. Kila usiku, sahani zikiondolewa, mjomba hujiegemeza ukutani na kuuliza, "Haya Meneja, leo mmesoma nini?"

Waliposoma masoko, mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kumtia mtu kiu, ndipo upite na mtungi." Waliposoma uhasibu, mkewe ndiye aliyejibu, huku akipima kwa jicho mkate uliopanda bei na kushuka ukubwa: "Hilo mimi natahiniwa kila asubuhi." Ilipofika zamu ya takwimu, kijana akajitahidi kueleza maana ya wastani.

"Yaani mkurugenzi ana gari, mimi sina," mjomba akasema. "Kwa wastani kila mmoja ana nusu."

"Kihesabu, ndiyo."

"Basi kesho mwambie nusu yangu naihitaji, goti linaniuma."

Somo la mikakati tu ndilo lililomnyamazisha. Kijana alisema kwamba mkakati, kwa ufupi, ni kuamua utaacha nini. Mjomba akalitazama goti lake kwa kitambo, akaaga, akaenda kulala.

Hatimaye wakafika kwenye usimamizi wa rasilimali watu. Mhadhiri, mwanamke asiyependa maneno ya ziada, alitangaza kuwa mtihani wake ungekuwa wa vitendo: kila mwanafunzi amwachishe kazi mwenzake mbele ya darasa. Kanuni zilikuwa wazi. Mkae faragha. Mpe glasi ya maji. Habari yenyewe iwe katika sentensi ya kwanza. Usiombe radhi, maana anayeomba radhi amekiri kosa, na kosa lililokiriwa hufika mahakamani. Mwisho, mtoe kwa mlango wa nyuma, wenzake wasipate mshtuko.

Usiku wa kuamkia mtihani, mjomba alijitolea kuwa mwenye kuachishwa.

"Mzee wangu," kijana akaanza, "kama unavyojua, hali ya biashara siku hizi..."

"Umeniweka roho juu na hujaniambia kitu. Rudia. Na maji yangu yako wapi?"

"Hapa tunaigiza tu, mjomba."

"Kiu yangu haiigizi."

Mkewe akamimina maji. Kijana akarudia, sasa macho yake yakiwa sakafuni.

"Viatu vyangu havikuajiriwa," mjomba akasema. "Aliyeajiriwa ni mimi. Niangalie usoni."

Wakacheka, wakarudia. Wakarudia tena. Kijana alipotaka kuishia hapo, mjomba alikataa, mpaka neno likatoka lote, limenyooka, macho kwa macho. "Hapo sasa," akasema, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Mkewe alikwisha kuinuka zamani kwenda jikoni, wala hakurudi.

Asubuhi yake boila iliwashwa kama kawaida na mvuke ukajaa. Wanawake wawili wawili walikuwa wakikung'uta mashuka, na mjomba akiyapokea katika pasi yake kubwa, akiwataka wasimletee ya hoteli yaliyokunjwa kwa hasira. Hapo kijana akaitwa juu, katika ofisi ya vioo.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa ukali. Alimkaribisha kiti. "Mashine mpya inafika wiki hii," akasema. "Inapiga pasi na kukunja. Mpiga pasi mkuu hatutamhitaji tena. Utamweleza wewe, leo."

"Bosi, yule ni mjomba wangu."

"Ndiyo maana. Atakusikiliza. Halafu si ndiyo mnayosoma huko? Karo tunalipa ya nini?"

"Na nikikataa?"

"Hakuna ugomvi. Barua ataipata kesho kwa bawabu."

Kijana akaiona hiyo kesho: mjomba getini na kifurushi chake cha chakula, bawabu akimzuia asiingie, wapita njia wakitazama. Akashuka ngazi. Alipita jikoni mwa kiwanda, akajaza glasi, akaiweka katika chumba kidogo cha kuhifadhia sabuni, akaenda kumwita.

Mjomba aliingia akijipangusa shingo. Akaiona glasi, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Mjomba, kazi yako hapa inaisha leo," kijana akasema, akimtazama usoni.

Mzee akayanywa maji yote, taratibu, akaiweka glasi chini. "Umesema vizuri."

"Ulikuwa unajua?"

"Yule fundi wa mashine mpya alipokuja kupima sakafu, alipima mpaka chini ya kiti changu, wala hakuniomba nisogee. Nikajua. Na nikajua watakutuma wewe, maana wewe ni wa bure."

"Sasa jana usiku wote ule..."

"Mwenye kuchinja ameamrishwa anoe kisu, mwanangu. Nilikuwa nakinoa. Neno butu lingetuumiza sote wawili."

"Nisamehe, mjomba," kijana akasema.

"Hilo mmekatazwa."

"Najua."

"Basi nimekusamehe, lisije likafika mahakamani."

Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa mfukoni mwa kijana, ukabaki huko huko. Alimshika mjomba mkono, kama yeye alivyoshikwa siku ya kwanza ya shule, akampitisha katikati ya kiwanda. Wakunja mashuka waliacha shuka likining'inia. Mwasha boila alifunga valvu bila kuambiwa, na mvuke ukatulia katikati ya saa za kazi, jambo lisilowahi kutokea. Mzee Mvuke alimpa kila mmoja mkono, hakumruka hata mfagiaji. Juu, nyuma ya vioo, mkurugenzi alikuwa amesimama. Kisha wakatokea mlango wa mbele.

Jioni kijana alifanya mtihani wake. Alimpa mwenzake maji, akamwambia neno lililonyooka, akamwomba radhi, akamtoa kwa mlango wa mbele. Mhadhiri alimkata alama kwa makosa mawili ya mwisho, akamuuliza kama ana la kujitetea. Akasema hana.

Nyumbani, sahani zilipoondolewa, alitarajia kimya. Mjomba akajiegemeza ukutani.

"Haya Meneja, leo mmesoma nini?"

"Mada ya mwisho," kijana akajibu kwa shida. "Wanaobaki. Mhadhiri anasema anayeondoka huumia mara moja. Wanaobaki huumia kila kengele ya zamu inapolia."

"Na kitabu kinasema wafanyiwe nini?"

"Waitwe mkutanoni, waambiwe kampuni inawathamini."

Mkewe mjomba, ambaye hakuwa ametamka neno tangu jana, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Macho yakaendelea kumwaga machozi hata kicheko kilipokwisha.

"Hao hawataki mkutano," mjomba akasema. "Wanataka dua." Akainua viganja vyake vilivyokwajuka kwa mvuke.

"Ewe Mola, watazame wanaobaki. Mkunja mashuka anayenyonyesha, usimkatie riziki ya wawili. Mwasha boila, kiponye kifua chake. Bawabu, mwepushe na barua za kukabidhi watu. Mkurugenzi naye, siku yake ikifika, mpe mtu wa kumpa maji. Na huyu Meneja wetu, anayebaki mle bila mimi, mjaalie aendelee kutazama watu usoni."

Mkewe akaitikia amin, na kijana akaitikia baada yake. Nasi tunaitikia: Mola awahifadhi wanaobaki, popote kengele ya zamu inapolia, na asiwaonjeshe kiu pasipo na wa kuwamiminia. Amin.