Ngome ya Jumapili

Mtaani walimwita Fundi Pengwini, kwa sababu ya ndege mnene aliyembandika juu ya mlango wa kibanda chake cha kutengeneza kompyuta. Ndege huyo ni alama ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na kwa habari ya Linux fundi huyu alikuwa haambiliki. Mteja akileta kompyuta inayojikokota, sharti ahubiriwe kwanza ndipo afunguliwe mashine. "Mfumo wa bure, uko wazi, hakuna anayekuchungulia. Unataka nini tena?" Wengi walitaka tu kompyuta yao.

Alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na sita, aliyehamia mji wa mbali pamoja na mama yake baada ya ndoa kuvunjika. Kwenye simu, baba na binti hawakuwa na la kuambiana. Lakini kila Jumapili alasiri walikutana ndani ya mchezo wa mtandaoni, kila mmoja kwenye kompyuta yake, hedifoni masikioni, wakijenga ngome ya mawe. Miaka mitano, ngome moja! Mikono ikiwa na shughuli, midomo ilifunguka yenyewe: mwalimu mkorofi, rafiki aliyemgeuka, hesabu zilizomshinda. Baba aliyajua maisha ya mwanawe kwa njia hiyo tu.

Basi kampuni ya mchezo ikatoa tangazo. Kuanzia mwezi ujao, wenye Linux hawataingia tena. Hawafiki hata mmoja katika mia, ilisema, na programu mpya ya kuwanasa wadanganyifu haifanyi kazi kwao. Fundi alisoma mara mbili, akang'aka, kisha akaandika barua ndefu. "Huyo mmoja katika mia naye ni mtu," aliandika. Hakujibiwa.

"Baba, weka Windows tu," binti alimwambia Jumapili iliyofuata. "Hata pembeni, na Linux yako uiache hapohapo. Wateja si unawawekea kila siku?"

"Hiyo ni kazi. Hii ni kompyuta yangu."

"Sasa Jumapili zetu zitakuwaje?"

"Niachie mimi. Mimi ni fundi au si fundi?"

Binti alicheka kidogo. "Haya, Baba."

Tuseme ukweli, hoja ya fundi ilikuwa nzuri. Mtu asifungiwe mlango kwa sababu ya kompyuta aliyoichagua. Lakini kufikia hapo hakuwa akipigania haki tena. Kilikuwa kiburi, na kiburi si maungwana.

Mwezi ulipoingia, mlango ukafungwa kweli. Fundi akatafuta mtandaoni, akapata kiprogramu kilichotungwa na wabishi wenzake, cha kuudanganya mchezo uamini kwamba uko kwenye Windows. Sasa, fundi ana desturi yake: kitu kipya hakijaribu kwenye mashine muhimu, hukijaribu kwanza kwenye ya akiba. Ngome iliandikishwa kwa akaunti yake mwenyewe, na akaunti hiyo ikipotea, ngome nayo inapotea. Akaunti ya akiba, basi, ilikuwa ya binti. Nenosiri alikuwa nalo. Alipewa ili amlishie farasi wake wa mchezoni wakati wa mitihani. Ikikwama, aliwaza, hasara itakuwa ndogo. Ndivyo alivyowaza, Mungu amsamehe.

Ijumaa asubuhi akakijaribu kiprogramu. Mchezo ukafunguka, akapiga makofi peke yake kibandani. Dakika kumi na moja baadaye kioo kikawa chekundu: akaunti imefungwa daima, kwa udanganyifu. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini ya fundi hayakungoja hata chai ipoe.

Akaandika tena kwa kampuni, akaomba, akaeleza kwamba kosa ni lake, mtoto hajui lolote. Safari hii alijibiwa. Mstari mmoja, Jumapili asubuhi: uamuzi ni wa mwisho.

Akaweka Windows. Ilikuwa kazi ya dakika arobaini. Arobaini tu! Kisha akampigia binti simu, akamweleza yote bila kujitetea.

"Nisamehe, mwanangu. Tutakufungulia akaunti nyingine, ngome bado ipo. Windows nimeshaiweka."

"Umeiweka?"

"Nimeiweka."

"Sina hasira, Baba," alisema, na upole wa sauti yake ndio uliomchoma. "Ule mchezo niliuchoka tangu mwaka juzi. Wenzangu wote walishaacha. Nilikuwa naingia kwa ajili yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa tutaacha kuongea."

Fundi alitaka kumwambia kwamba hilo haliwezekani hata kidogo. Akatafuta neno la kuanzia.

"Shule inaendeleaje?"

"Inaendelea."

"Umekula?"

"Nimekula."

Wakabaki hivyo, kila mmoja na simu yake sikioni, mpaka binti aliposema kwamba anaitwa na mama yake. Fundi hakuwa amesikia mtu yeyote akiita.