Nyayo za Mkwe

Konstebo Mulvey alikuwa na benchi moja tu barazani, na kwa akili yake benchi moja linatosha watu wawili. Akamkalisha Japangardi upande wa kushoto, mnyororo ukitoka kifundoni mwake hadi kwenye nguzo, kisha akamwita mama mkwe wa huyo mfungwa aje akae upande wa kulia.

Tilly Nungarrayi hakwenda. Alijifunika blanketi kichwa kizima, akazunguka nyuma ya kituo cha polisi, akaketi mchangani kati ya tangi la maji na choo, mahali ambapo ukuta ulimkinga. Ilikuwa Novemba, kiangazi chetu, na bati la tangi lilikuwa halishikiki kwa moto. Konstebo akamfuata kumuuliza kama amerukwa na akili, maana kivulini nafasi ipo. Akajibu kwamba hapo panamtosha, bosi. Konstebo akarudi akicheka, akamwambia karani kwamba ajuza yule anapenda harufu ya choo.

Kwetu mwanamke hamtazami mume wa binti yake. Hamtaji jina, hasemi naye, hashiriki naye kivuli. Mkwe naye hivyo hivyo: akimwona anakuja hugeuka, hata kama nyuma yake ni miiba mitupu. Wazungu hudhani ni ugomvi. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi yake, kwa kuwa mkwe ndiye anayemlisha mama huyo mpaka afe. Tangu alipomwoa Nampijinpa, miaka tisa, kila Alhamisi Japangardi alikuja hadi kwenye njia ya kambi ya wajane, akakohoa mara mbili, akaweka paja la kangaruu juu ya matawi, akalifunika kwa karai na kuondoka. Tilly alingoja mpaka kishindo cha miguu kiishe, ndipo akatoka. Miaka tisa ya nyama, na uso wa anayeileta hajawahi kuuona. Nyayo zake ndizo alizozijua, kuliko alivyojua mistari ya kiganja chake mwenyewe.

Sasa, Alhamisi moja jioni, maksai wa Bwana Pruitt, mzungu mwenye ng'ombe na duka, alichinjwa kwenye Kisima cha Njiwa, mwendo wa kutwa nzima kutoka kambini. Kisima hicho, dimbwi la maji lililo wazi, kilikuwa cha baba yake Tilly, na cha babu yake, na cha njiwa wenyewe, mpaka Bwana Pruitt alipokizungushia waya. Mchunga ng'ombe wake alimwona kwa mbali mtu mweusi mwenye kofia nyekundu. Japangardi alikuwa na kofia nyekundu. Wanaume wengine kumi na mmoja wa kambini walikuwa nazo vilevile, kwa sababu duka la Bwana Pruitt lilileta sanduku moja la kofia, na sanduku lote lilikuwa jekundu. Lakini Japangardi ndiye aliyewahi kumuuliza Bwana Pruitt, tena mbele ya watu, ule waya umewekwa kwa ruhusa ya nani.

Adhabu ya kuchinja ng'ombe wa mzungu ilikuwa miezi sita, katika gereza la kaskazini. Na mwanamume akifungwa, unga wa watoto wake nao hufungwa, kwani posho ya unga, sukari na majani ya chai ilikuwa ya familia za wafanyakazi na ya wajane tu. Nampijinpa alikuwa na watoto wawili na tumbo la tatu. Aliyejua kwamba mumewe hakuwa kisimani jioni ile alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa karibu na choo.

Kaka yake Tilly, mzee Jungarrayi, alipapasa ukuta mpaka akamfikia. Alikuwa amevaa koti lake la polisi. Miaka thelathini alisoma nyayo kwa ajili ya serikali, na habari zake ziko nyingi. Wapo wanaosema alimfuata mtu juu ya mwamba mtupu siku mbili, na siku ya tatu akamwambia konstebo kwamba mtu huyo ana jino bovu, maana anatembea kama asiyelala. Wapo wanaosema aliwahi kusoma nyayo za samaki. Hiyo ya samaki mimi siiapii. Ya jino nilikuwapo. Sasa macho yake yalikuwa yameliwa na vumbi na nzi, na koti limebaki.

"Dada," akasema, "watakuuliza kama ulimwona."

"Nilimwona."

"Uliona nyayo."

"Si ndiyo nimesema?"

Mzee akacheka kidogo, akaenda na kukaa mbele zaidi. Akasema watu kumi na saba amewapeleka gerezani kwa nyayo, na hakuna hakimu hata mmoja aliyemuuliza habari za uso. Basi Tilly akapata moyo.

Hakimu alikuja mara moja kwa mwezi, kwa ndege ndogo, na alitaka kuondoka kabla ya upepo wa mchana. Shahidi alipoitwa, aliingia kinyumenyume, blanketi kichwani, akiongozwa na sauti. Watu wa mjini waliojaza viti wakaguna. Konstebo Mulvey, ambaye ndiye aliyekamata na ndiye aliyeshtaki, akamshika bega akamweka mahali pake. Kizimba cha mshtakiwa kilikuwa nyuma yake, hatua nne. Alisikia mnyororo ukiburuzwa. Ni Japangardi anageukia ukutani.

Hakimu akauliza kwa nini shahidi amejifunika.

"Ni mkwe wangu," Tilly akasema.

"Tunajua ni mkwe wako. Ndiyo sababu ya mahakama kuwa na wasiwasi."

Tilly alikuwa amefua mashuka ya wazungu miaka ishirini na maneno yao aliyajua, ila hakujua ni neno gani kati ya hayo linaloweza kubeba jambo lile. Konstebo akaanza.

"Tilly. Alhamisi ile jioni, Clarrie alifika kambini kwenu?"

Jina lile lilimpiga kama maji ya baridi. Ni jina ambalo mkwe alipewa na wazungu, lakini ni lake. "Alikuja. Aliacha nyama."

"Ulimwona usoni?"

"Hapana."

"Alisema nawe?"

"Hapana. Alikohoa."

Watu wakacheka. Konstebo akamwambia hakimu kwamba upande wa utetezi umeleta kikohozi.

"Na nyayo," Tilly akasema. "Jua lilikuwa limeinama hapa, mkono mmoja juu ya mlima. Nyayo zilikuwa mbichi. Mende wa jioni alikuwa hajapita juu yake."

Karani akauliza kama aandike habari za mende. Hakimu akasema asiandike.

"Na wewe unajuaje kwamba nyayo hizo zilikuwa zake?" akauliza Konstebo.

Hapo Tilly akasahau kuogopa. Swali hili alilijua. Akasema yule kisigino chake cha kulia hutupwa nje, farasi wa Bwana Pruitt alimwangusha. Akasema watu wote wa kambini anawajua kwa miguu. Kaka yake huburuta kidole gumba. Binti yake hana kidole kidogo mguu mmoja, wa kushoto, alikanyaga makaa alipokuwa mtoto. "Na wewe, bosi, buti lako la kulia limelika upande wa ndani. Jana limeingia kwa mke wa mwenye hoteli, mlango wa nyuma, na limetoka likiwa na haraka."

Kicheko cha safari hii hakikuwa juu yake. Mwenye hoteli alikuwa kwenye safu ya pili, na hakucheka. Konstebo Mulvey akawa mwekundu kuanzia shingoni, akatoa daftari lake la mfukoni, akaandika kitu, akalirudisha.

Hakimu akagonga meza. Akasema, kwa upole, kwamba nyayo si ushahidi.

"Kaka yangu amewapa nyinyi watu kumi na saba kwa nyayo," Tilly akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi ni mkubwa."

"Kaka yako alikuwa ameajiriwa na serikali."

Mzee Jungarrayi, mlangoni, akavuta koti lake mbele kana kwamba upepo umeingia.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Hata leo wapo mjini wanaosema alikuwa mwungwana. Alitazama saa, akamtazama ajuza yule ndani ya blanketi, akaona afadhali amsaidie. "Mama, nitakurahisishia. Vua hilo blanketi. Geuka, umtazame mshtakiwa, kisha uiambie mahakama: ndiye huyu anayekuletea nyama kila wiki? Ukisema ndiye, nitalipima neno lako. Usipoweza hata kumtazama, nitaliwekaje kwenye mizani?"

Hatua nne. Tilly alifikiria unga. Alimfikiria Nampijinpa, na miguu ya watoto wawili iliyokuwa imeanza kukonda kuanzia vigimbini. Alifikiria baba yake, ambaye angekunywa mchanga kabla ya kufanya alilotaka kulifanya yeye. Kisha akaliachia blanketi likaanguka, akageuka, akayafungua macho.

Naye Japangardi, aliposikia blanketi linaanguka, alifanya kile afanyacho mtoto wa watu aliyelelewa vizuri. Alichuchumaa pembeni mwa kizimba, akabandika kofia nyekundu usoni kwa mikono yake yenye pingu, akajikunja mpaka kichwa kikagusa mbao. Tilly aliona sikio, na kisogo kinachotoka jasho.

"Nadhani mahakama imejionea," Konstebo Mulvey akasema. "Mtu asiye na hatia hamfichi uso shahidi wake mwenyewe."

"Anaona haya," Tilly akasema.

"Naam," akasema hakimu. "Ndivyo ninavyoona."

Miezi sita. Ndege iliondoka kabla ya upepo.

Kambini hakuna aliyemsema. Wajane walisogeza tu mablanketi yao, kila mmoja kidogo, mpaka moto wa Tilly ukabaki peke yake. Nampijinpa aliacha kuja. Watu walimwona akichimba mizizi mbali, na watoto wakimfuata, kisha mtoto mmoja akimfuata na wa pili amebebwa. Mvua haikuja. Kangaruu walikwenda walikokwenda. Alhamisi zilipofika Tilly alikaa pale pale penye njia, akitazama karai lililofudikizwa juu ya matawi, akisikiliza.

Mwezi wa tatu wa kifungo, Alhamisi moja, hakusikia kikohozi, lakini chini ya karai palikuwa na nyama. Ilikuwa laini, mafuta yake meupe. Mchanga wa pale ulikuwa umefagiliwa kwa tawi, kwa uangalifu wa mtu aliyefundishwa na mama yake. Tilly aliishika ile nyama muda mrefu. Si kangaruu. Akaila. Mfupa akauchoma mpaka ukawa unga.

Jumamosi Konstebo Mulvey alifika na farasi wawili. Alikuwa mchangamfu. Alisema ndama mmoja wa Bwana Pruitt amechinjwa Kisima cha Njiwa, na safari hii mchunga ng'ombe hakuona kofia ya rangi yoyote. Alisema amekumbuka kwamba kambini yupo bingwa wa nyayo, amejisema mwenyewe mahakamani. Tilly akasema macho yake yamezeeka. Konstebo akasema atayajaribu, na asipokwenda, posho ya wajane wote itasubiri mpaka aende. Wajane waliokuwa wamesogeza mablanketi yao wakamtazama.

Kisha Konstebo akafungua mfuko wa tandiko, akatoa koti. Tilly alilijua kabla halijakunjuliwa. Kwapani lina kiraka alichokishona yeye.

"Mzee haoni, halihitaji tena," akasema. "Vaa. Sasa umeajiriwa na serikali."

Walifika kisimani saa tisa. Tilly alipita chini ya waya. Lango lipo, lakini alipita chini, kama apitavyo kila mtu wetu. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha uwanja wa tope. Katikati ndama alikuwa amezama mpaka tumboni, na aliyemchinja hakumkamata, alimkuta. Pembeni, kwenye mchanga, kila kitu kilikuwa kimefagiliwa kwa tawi, vizuri, vizuri sana, na Tilly akajikuta anajivuna bila kutaka.

Lakini tope halifagiliki. Penye ukingo palikuwa na unyayo mmoja, uliokauka ukawa mgumu kama tofali. Uzito wake wote ulikuwa kisiginoni, kama wa mwanamke anayebeba mbele kuliko nyuma. Ulikuwa wa kushoto. Vidole vinne.

Tilly akausogelea taratibu, kama anayetafuta kivuli, akauweka mguu wake juu yake, akasimama. Mguu wake ulikuwa umesinyaa kwa uzee. Ule wa binti yake ulibaki ukionekana pande zote.

"Unaona nini?" akauliza Konstebo.

"Ndege," akasema. "Ndege tu, bosi."

Konstebo Mulvey hakubisha. Alishuka kwenye farasi, akaja na lile buti lake lililolika upande wa ndani, akachuchumaa mbele ya mguu wake kama fundi viatu anayetaka kumpima. Akatoa daftari la mfukoni, akalamba kidole, akafunua kurasa za nyuma.

"Nikumbushe, Tilly," akasema. "Mguu wenye vidole vinne ulisema upi vile? Wa kushoto?"