Shati la Mishono Nje

Bibi alikuwa mtu wa subira. Hata maharage magumu hayakuwahi kumshinda. Lakini mjukuu wake, yule fundi redio, alipoanza kubambuka ngozi kama kitunguu, subira ilimtoroka.

Kijana alikuwa na saratani ya damu. Dada yake, mshonaji, ndiye aliyemtolea chembe za kuanzishia damu mpya, ingawa wawili hao walikuwa wamenuniana tangu walipomzika mama yao. Chembe zilishika vizuri. Kisha viganja vikawa vyekundu, akaanza kuharisha, macho yakageuka manjano.

Daktari alimweleza Bibi taratibu. Chembe za dada zimeuona mwili wa kaka kuwa mgeni, basi zinaushambulia. Zinaitana kwa protini ndogondogo, mfano wa mbiu: ikishapigwa, wanakuja hata wasioitwa. Dawa walizompa ni za kuinyamazisha mbiu hiyo.

Katika yote hayo Bibi aliondoka na neno moja tu, kushambulia. Akamkuta mshonaji kwenye cherehani.

"Mwanangu," akamwambia, "hata damu yako haijamsamehe mwenzio. Nenda ukamwambie yamekwisha, labda itamwacha."

Mshonaji aliinama, akakata uzi kwa meno.

Kesho yake Bibi alimuuliza daktari kama ugomvi huingia kwenye damu. Akaambiwa la, chembe hazijui nani kamnunia nani. Hata ndugu wapendanao huwapata haya. Bibi alikaa kwenye benchi la korido kama aliyemwagiwa maji. Alitaka kumwendea mshonaji, ila maneno yakishamwagika, unayazoa kwa mkono gani?

Wala hakuwahi. Mshonaji alikuja mwenyewe, amefunika mdomo kwa barakoa, na shati la pamba mkononi. Mishono yote alikuwa ameitoa nje, isimkwaruze mgonjwa. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuiombea damu yake radhi, akataja na maneno ya Bibi.

Kaka yake akamkatiza. Sauti ilibaki nyembamba kama uzi.

"Bibi kakosea. Saratani wameitafuta, hawaioni. Damu yako ni kama wewe, dada. Ukiambiwa ufagie nyumba, unafagia na mwenye nyumba."

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama yao. Bibi alikuwa mlangoni. Yeye hakuweza kucheka.

Dawa zilibadilishwa, zikaongezwa, lakini mbiu haikunyamaza. Kijana alifariki akiwa na shati lile mwilini.

Baada ya mazishi mshonaji alilifua, akakaa nalo mapajani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine kuna mahali lilimuumiza.

Bibi alilichukua. Akaingiza mkono ndani, akapapasa kola, kwapa, mikono yote miwili, mpaka kwenye pindo. Hakuharakisha.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Nimetafuta kote. Hakuna."