Kidole cha Mlinzi

Bei ya bima ya afya ilishuka kweli, hilo mwenye karakana hakudanganywa. Wakala alieleza kwamba waajiri wadogo sasa wangelipa nusu, mradi mafundi wote wapimwe na waonekane wazima. Akipatikana mgonjwa mmoja tu, bei inapanda kwa wote.

Hapo ndipo palipomkaa kooni. Mafundi wake wa samani walikuwa wazima, isipokuwa mpiga vanishi, aliyekohoa tangu mvua zianze. Naye hakuwa mtu baki, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, tumbo moja.

"Shemeji, siku ya vipimo usitie mguu hapa," alimwambia. "Mlinzi wa duka la jirani atapimwa kwa jina lako. Yule hata mafua hayajui!"

"Na nikizidiwa?"

"Si utakuwa na kadi? Acha woga, bwana."

Wakacheka. Jamani, binadamu hucheka pasipochekeka!

Mlinzi alipimwa kifua, akasifiwa. Kisha muuguzi akatoa kimashine ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja. "Bado alama ya kidole." Mwenye karakana angeweza kusema ngoja. Alitazama pembeni, na mlinzi akaweka kidole.

Kikohozi hakikungoja. Asubuhi moja shemeji alikohoa damu juu ya meza aliyokuwa akiing'arisha. Wakamkimbiza hospitali, dada yake akilia njia nzima.

Mpokea wagonjwa alikibonyeza kidole cha mgonjwa mashineni mara ya kwanza, mara ya pili. "Mashine inakataa. Aliyesajiliwa siye huyu."

"Ni ndugu yangu!" mke alipiga kelele. "Mume wangu, si uwaambie!"

Mume alipiga hesabu haraka. Akikiri, bima ya karakana nzima inafutwa, na ghorofa ya juu mke wa seremala wake alikuwa akipasuliwa kwa bima hiyohiyo. Tena, tusimpambe, aliogopa pia kufungwa.

"Atakuwa alituma mtu apimwe badala yake," alisema. "Mimi sikujua kitu."

Mke alimgeukia ndugu yake, macho yamemtoka. "Ni kweli?"

Mgonjwa alimtazama shemeji yake. Akapangusa midomo kwa kiganja.

"Kweli, dada," alisema. "Nilimtuma mimi."

Mpokea wagonjwa akaisukuma kadi kando, akamwita anayefuata.